Kichwa Kilichotazama Kulia

Haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na anayebisha aje Lushoto anitafute. Mimi ndiye niliyetazamana na chui wa msitu wa Magamba mpaka chui akaona haya. Shule niliiachia njiani, lakini macho sikuyaacha huko.

Athumani, fundi saa wa pale mjini, alikuwa na ugonjwa wake: kukusanya magazeti ya kale yaliyoandikwa kwa ajili ya wakusanya sarafu. Sarafu yenyewe hakuwa nayo hata moja ya maana. Mkewe Hidaya, muuza mapeasi sokoni, alimcheka mbele za watu.

"Wenzako wanakusanya hela, baba Saumu. Wewe unakusanya umbea wa hela!"

"Umbea wa kale hauozi kama mapeasi yako."

Siku moja, kwa muuza karatasi za kufungia maandazi, alikuta rundo lililotoka kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Ndani yake mlikuwa na gazeti la Kijerumani ambalo tayari analo. Akalichukua hivyo hivyo, maana mkusanyaji hupenda nakala ya pili kuliko mke wa pili. Nyumbani akayalaza yote mawili mezani. Ukurasa wa katikati ulijaa picha za sarafu, kila moja na kichwa cha mfalme kilichotazama kushoto. Katika nakala mpya, kichwa kimoja kilitazama kulia.

"Kosa la mtambo!" Athumani akapiga kofi kwa furaha. Kwa watu wa kazi hiyo, kosa la mtambo ni dhahabu. Hakujiuliza kwa nini ukurasa ule ulikuwa na joto, kama kiti alichoinukia mtu sasa hivi.

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka shaba, ile harufu inayobaki kiganjani ukifumbata sarafu kwa jasho. Mchana mmoja ukungu ulishuka, na Hidaya akamwona mwanamume amesimama mlangoni pa jikoni, ametazama pembeni. Akamsalimu. Akamzunguka ili amwone uso, akaona upande ule ule.

"Baba Saumu," alinong'ona, "yule mtu hana upande wa pili."

"Ukungu huo, mama."

Kesho yake Hidaya akaenda kupiga picha ya kadi ya bima. Mpiga picha, kijana Kristian, alihangaika naye.

"Mama, nitazame mimi."

"Si nakutazama, mwanangu!"

"Unatazama ukutani."

"Kristian, nakuona mpaka matundu ya pua. Piga!"

Picha zote zilitoka za shavu la kulia. Kristian hakutaka malipo. Alitaka tu mama atoke.

Ndipo Athumani alipoogopa. Walikaa kula, akahamia huku, akahamia kule, akajifanya anafuata chumvi, akajifanya anafunga dirisha, na kila alikokaa aliliona shavu lile lile la kulia, na jicho moja lililokuwa likimtafuta bila kumpata. Akamwita Mzee Nassoro, mganga kutoka Bungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Humu ndani kuna karatasi inayopumua. Ilete niichome. Mkeo amechukuliwa nusu, na nusu hurudi. Akichukuliwa mzima, mimi simo."

Athumani akaingia chumbani, akasimama mbele ya nakala zake mbili, ile yenye kosa na ile safi, mkono wake ukaenda kwenye yenye kosa na ukarudi, ukaenda tena na ukarudi, huku akijiambia kwamba mzee hajui Kijerumani, kwamba majivu ni majivu, kwamba kosa kama lile halipatikani mara mbili duniani, na huku nje Hidaya akikohoa kikohozi chembamba kama kinachopita chini ya mlango, akabeba ile safi akampa mganga.

Mzee Nassoro akasoma dua, akawasha moto. Gazeti likaungua bila moshi. Mara chumbani ikasikika sauti kama sarafu inayozunguka juu ya sakafu ya saruji, ikizunguka, ikizunguka, bila kuanguka.

Mzee akayatazama majivu. "Mghosi, bwana wangu, umenipa lipi?"

Athumani akageuka kuutazama mlango wa chumbani.

"Magazeti haya yalikuwa pacha. Kwa lile lenye kosa aliingilia huyo mtu wa upande mmoja. Hili lilikuwa mlango wake wa kutokea. Lile lingeungua, angerudi ndani ya hili akalala. Sasa umeniunguzisha mlango."

"Tufanyeje, mzee wangu?"

"Mimi sina la kufanya. Wewe endelea kukusanya." Akabeba mkoba wake, chai hakuigusa.

Usiku huo Hidaya alikuwa kitandani. Athumani akamzunguka, akapita kichwani, akapita miguuni, na shavu lilikuwa la kulia.

"Baba Saumu, uko wapi?"

"Niko mbele yako, mke wangu."

"Mbele yangu kuna karatasi tu. Nyeupe. Haina mwisho."

Asubuhi shuka lilikuwa limetandikwa vizuri, na chini yake hapakuwa na mtu. Athumani akalichukua lile gazeti lenye kosa, akalitia motoni huku akilia.

Hayo yote ni kweli tupu, isipokuwa moja nililolitia mwenyewe ili mpate usingizi: hilo la kulitia motoni. Gazeti lipo rafuni, ndani ya nailoni safi. Athumani akiwafungulia wageni ukurasa wa katikati, vichwa vinavyotazama kulia ni viwili. Cha pili kimejifunga mtandio.