Fundi wa Dirisha Tu

Mvua ilimkuta Faiz garini kwenye foleni ya feri, upande wa Likoni, na ndipo kioo cha dirisha lake kilipoamua kugoma. Alikuwa amekishusha anunue korosho. Sasa alibonyeza swichi, kioo kimya, na maji yakamwingilia mpaka shati lake jeupe likamganda mwilini. Nyuma yake malori yalipiga honi. Faiz alikivuta kioo kwa vidole na kukitukana kwa sauti ya chini, maana gari lilikuwa Mercedes ya marehemu babu yake, na vitu vya babu havitukanwi kwa kelele.

"Kaka, utakivunja hicho."

Aliyesema alikuwa mwanamke aliyevaa koti la kazi la buluu juu ya dera la maua, ushungi umelowa, mfuko wa vifaa begani. Wanja ulikuwa umeanza kumchuruzika, wala hakujali.

"Bonyeza swichi, usiiachilie," akaamuru. Akaupiga mlango kwa kiganja mara mbili, chini kidogo ya kitasa. Kioo kikashtuka, kikapanda kwa manung'uniko mpaka karibu na juu.

"Wallahi, umekifanyaje?"

"Kaboni za mota zimekwisha. Ukigonga, inapata umeme kidogo. Lakini sitakuwa hapa kila siku nikikugongea."

"Nikitaka kugongewa tena nitakupata wapi?"

"Mtaa wa Shika Adabu, gereji ya mjomba wangu Ishaka. Uliza Tima wa waya." Akacheka kwa ule mwanya uliobaki wa dirisha, akaenda zake mvuani. Faiz akasahau korosho alizokwisha kulipia.

Kesho yake alikuwa Shika Adabu. Tima alifungua ubao wa mlango, akamwonyesha mota iliyojaa kutu ya chumvi. Kazi ile ilitaka watu wawili, kwani mota ikitoka kioo kinaanguka ndani ya mlango. Basi Faiz, karani wa mizigo wa Changamwe asiyewahi kushika hata bisibisi, alisimama akikishikilia kioo kwa viganja viwili, Tima upande wa pili akiikwangua mota na kuitia kaboni mpya. Uso kwa uso, kioo katikati. Waliongea mpaka mikono ya Faiz ikafa ganzi, naye hakulalamika.

Juma lililofuata likaharibika dirisha la pili. Kisha la tatu. Simu nazo zikaanza, asubuhi na jioni.

"Umeamkaje, roho yangu?"

"Nimeamka na grisi kwenye kucha. Gari lako lasemaje leo?"

"Dirisha la nne linakohoa."

"Faiz, gari lina madirisha manne tu. Likimalizika hilo utavunja nini?"

"Nitavunja ukimya. Nitakwambia nakupenda."

Tima akasema taratibu, "Basi lilete kesho, tulimalize."

Siku hiyo ya dirisha la nne ndiyo aliyoitamani Faiz baadaye ifutike duniani. Alikuwa ameshika kioo kama kawaida, akitabasamu peke yake, tuktuk iliposimama barabarani wakashuka wanawake wawili wenye mabuibui meusi na harufu ya udi. Mmoja alikuwa mamake, Bi Alawiya, na wa pili shangazi yake Fatma. Walikuwa wametoka kwa mpakaji hina wa harusi ya Salsabil, dadake Faiz, wakaliona gari.

"Shikamoo, mamangu," alisema Faiz, viganja bado kiooni.

"Marahaba." Bi Alawiya alimtazama Tima, akamtazama mwanawe. "Kila siku wavuka feri, na simu haikutoki sikioni. Ni huyu?"

Swali lilikuwa jepesi. Lakini Faiz alimwona shangazi yake akilikagua lile koti la kazi na zile kucha, akaingiwa na woga wa kitoto, woga wa kuchekwa. Akawahi kucheka yeye.

"Mimi na huyu? Mama nawe! Huyu fundi wa dirisha tu."

Alicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu anayetaka aungwe mkono. Hakuna aliyemuunga. Mjomba Ishaka aliinua uso kutoka kwenye injini aliyokuwa akiifungua. Ng'ambo ya njia, Nyamvula muuza viazi karai aliacha mwiko hewani. Bi Alawiya aliinamisha macho, akarudi kwenye tuktuk bila kuaga.

Tima aliendelea na kazi. Alikaza skrubu zote, moja baada ya nyingine, akajaribu swichi, kioo kikapanda na kushuka bila hata mkwaruzo.

"Unaweza kuachilia, bwana," alisema.

Hakuwa amewahi kumwita bwana. Faiz aliendesha kurudi kwao Mikindani akihisi uso unawaka, na kila alipokikumbuka kile kicheko alifumba macho, hata nusura agonge mkokoteni. Alipiga simu, haikupokewa. Akapiga tena na tena, akatuma jumbe ndefu, akazifuta, akatuma fupi. Mwishowe, siku moja mchana, Tima akapokea.

"Haya. Sema."

"Tima, mpenzi, najua umekasirika kwa kuwa sikukutambulisha kwa mama."

"La. Kila mtu ana wakati wake wa kumwambia mamake. Ungesema fundi ukanyamaza, ningenyamaza nawe, maana fundi ni mimi kweli. Ulicheka, Faiz. Mjomba wangu yupo, Nyamvula yupo, wewe wacheka kana kwamba kupendwa na mimi ni mzaha."

Simu ikakatika.

Jioni hiyo sebule ya kwao ilijaa wanawake wakitunga asumini za harusi. Faiz alisimama mlangoni.

"Mama, nilisema uongo. Yule binti wa Shika Adabu ndiye. Nataka kumuoa."

Mikono yote ikasimama. Bi Alawiya peke yake aliendelea kutunga.

"Nilijua siku ile ile. Tangu nizaliwe sijaona mteja akimshikia fundi kioo huku akitabasamu."

"Ulijua? Basi mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilikuuliza unijibu. Nilikuwa tayari kumpa mkono mtoto wa watu. Ukacheka, nikakosa pa kuutia uso wangu." Akatia asumini nyingine uzini. "Wewe ulimwonea haya yule binti, Faiz. Mimi nilikuonea haya wewe."

Shangazi Fatma aliweka uzi chini. "Mimi nililitazama koti nikitaka kujua alipolinunua," alisema kwa unyonge. "Lina mifuko mizuri."

Faiz aliegemea mlango. Alikuwa amemtupa mtu anayempenda kwa sababu ya kicheko ambacho hakuna aliyekusudia kukicheka.

"Siendi kuposa kwa watu ambao mwanangu aliwachekea mtoto wao," alisema Bi Alawiya. "Kamtake radhi kwanza. Pale pale, mbele ya wale wale."

Kesho yake akaenda gereji. Mjomba Ishaka hakuitikia salamu yake ya kwanza. Nyamvula alivuka njia kabisa asikose neno. Tima alikuwa akichuna waya, na hakuinua kichwa.

"Mzee Ishaka, dada Nyamvula," alisema Faiz. "Siku ile mama aliniuliza kuhusu Tima, nikacheka. Nilimkana hapa hapa mbele yenu. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kuchekwa, nikamfanya yeye ndiye wa kuchekwa. Nampenda, na nimejidhalilisha mwenyewe. Tima, niwie radhi."

"Sema tena, kuna lori lilikuwa lapita," alisema Nyamvula.

Faiz akarudia yote, masikio yakimwaka. Tima aliweka waya chini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimesikia," alisema. "Mara zote mbili." Akafuta mikono taratibu. "Mwambie mamako aje, na huyo shangazi. Wewe usije."

Mjomba Ishaka alikohoa kuficha tabasamu. Faiz hakujua acheke au alie, akaingia garini. Hata kabla hajafika kwenye feri alimpigia mamake.

"Amekubali uende, mama. Mimi nimekatazwa kufika."

"Ana akili huyo. Sasa niambie, apenda nini? Udi au asumini? Rangi gani? Nisiende mikono mitupu."

Faiz akafungua mdomo. Alikumbuka simu zote zile za asubuhi na jioni: babu, gari, ofisi, shida za bandarini. Tima alikuwa akisikiliza na kucheka. Yeye Faiz hakuwa amewahi kumuuliza apenda nini.

"Faiz? Wanisikia?"

"Sijui, mama," alisema, na hiyo ikawa aibu iliyomuuma kuliko zote.

Akageuza gari, akarudi Shika Adabu kumuuliza mwenyewe.