Amplifaya ya Mwisho ya Fundi Kimya

Haya yalimpata shangazi yangu, na mimi nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya Jumamosi. Shangazi alikuwa akipiga pasi gauni lake jeusi, huku akinitania kwamba shati langu limekunjamana kama lililotafunwa na mbuzi. Tulikuwa tunakwenda dukani kwa Tai.

Tai alikuwa mshirika wa marehemu mume wake, Fundi Kimya. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kuivua tai shingoni. Wengine walidhani tunamaanisha yule ndege, na hawakukosea sana. Fundi aliunda amplifaya za gitaa kwa mkono, moja moja. Akimaliza, alimwaga gundi nyeusi juu ya mitambo, ikaganda kama jiwe, mtu asije akamwibia siri ya ile sauti. Wapiga gitaa walizua mengi: eti mbao zake zilitoka kwenye nyumba iliyoungua na watu ndani, eti gundi ilichanganywa na majivu yao. Fundi alikuwa akicheka tu.

Alikufa karakanani, mikono yake ikiwa ndani ya amplifaya. Tai alisema fundi alisahau kuzima umeme. Baada ya mazishi akabandika jina lake mwenyewe kwenye kila sanduku la amplifaya.

Jumamosi hiyo Tai alikuwa anazindua amplifaya ile ile iliyomuua fundi. Aliimalizia yeye, akaimwagia gundi.

"Karibu, shemeji," alisema, akimwonyesha shangazi kiti cha mbele.

Shangazi hakuketi. Aliinamia kitambaa cha spika, akanong'ona, "Sema sasa, mume wangu."

Mpiga gitaa akachomeka waya, akagusa uzi mmoja. Sauti ilitoka nene, tamu, watu wakaguna kwa raha. Akaondoa mkono. Sauti haikukoma.

Ilikuwa inapumua.

"Usiwashe," spika ikasema. "Bado nimeshika waya."

Niliijua sauti ile. Wote tuliijua.

Tai akacheka peke yake. "Redio hiyo, inaingiliana." Akachomoa plagi ukutani.

Taa ndogo za kioo ndani ya amplifaya hazikuzimika. Zilizidi kuwaka.

"Nakuona, Tai. Mkono wako uko kwenye swichi."

"Nyamaza!"

"Usiwashe. Nakuomba."

"Nilikuambia uniachie nibandike jina langu!" Tai alifoka. "Ungeniachia, nisingewasha!"

Duka zima lilimgeukia. Alipotambua alichokisema, aliirukia amplifaya, akang'oa ubao wa nyuma, akatumbukiza mkono ili azikate nyaya za spika.

Mkono haukutoka. Alitetemeka mpaka viatu vikamvuka. Mpiga gitaa akataka kumvuta. Shangazi akamshika bega.

"Mwache," alisema taratibu. "Na mwenzake aliachwa."

Tai alipoanguka, hakuinuka tena. Taa zikazimika zenyewe. Plagi ilikuwa bado sakafuni.

Polisi walimaliza maswali yao, wakamkabidhi shangazi sanduku lile. Lipo sebuleni kwake. Juzi nililigeuza nifute vumbi. Katika ile gundi, iliyo ngumu kiasi cha kupinda msumari, ncha za vidole vinne zilikuwa zimejitokeza, kama za mtu anayesukuma kutoka chini. Nikazigusa. Zilikuwa na joto.

Nikamwita shangazi. Aliinama, akavihesabu vile vidole.

"Jana vilikuwa vitatu," alisema.