Waya wa Pili

Haya yalimpata Arvid, rafiki yangu wa kanisani na kazini, fundi wa kompyuta hapa mjini Duluth. Mungu anisamehe, siku ile nilimcheka.

Kompyuta kuu ya pampu za maji za mji ilikuwa na nyaya mbili za mtandao. Ukiiita kutoka mbali kwa waya wa kwanza, jibu lilitokea kwenye ule wa pili, likapotea. Mara tatu wiki ile Arvid aliendesha gari kwenye theluji kwenda kuirekebisha. Baada ya safari ya pili bosi alimwambia, "Ikigoma tena, kazi huna."

Safari ya tatu alinipigia ofisini kutoka chumba kile kisicho na dirisha, feni zikivuma.

"Marlys, nimeuchomoa huo wa pili, umenichosha! Jaribu sasa."

"Imefunguka! Ila mbona skrini inaonyesha na wewe umeingia, tena kwa waya wa pili?"

"Acha utani, dada. Ninao mkononi."

"Basi umeshika mkia wa paka!"

Hakucheka. Umeme ulikatika kule, feni zikanyamaza.

Kazi aliyoihangaikia aliiacha siku hiyohiyo. Anasema kwenye giza lile, kijitaa cha tundu tupu la ule waya wa pili kiliendelea kuwakawaka. Alipozuia pumzi, kilisimama. Alipopumua, kikaendelea.