Sombe Iliyoimba Ndani ya Depo

Hata mimi niliyevuka mto Luama na chui katika mutumbwi mumoja, habari hii ya rafiki yangu Marcellin siisimulii nikiwa peke yangu.

Marcellin anatengeneza telefoni kwetu Wamaza. Sombe, majani ya muhogo, sisi tunapika; yeye alichomeka nyaya katika jani lake, akaziunga na spika ndogo. Mwanga ukiligusa, jani linatoa umeme na spika inaimba. Gizani inanyamaza. Mwalimu mumoja wa kemia wa Kasongo alimwambia, "Ndugu, uhakikishe giza linainyamazisha kabisa, kazi ya maabara iko yako."

Basi saa sita muchana Marcellin akajifungia katika depo ya mupunga, akaziba nyufa zote kwa udongo. Akakaa, mulango mugongoni, jani mbele yake. Kimya.

"Kazi nimepata!" akacheka.

Spika ikaanza kuimba.

Hakuona hata mukono wake, lakini sauti ilipanda kama jani liko juani. Akapapasa, akaweka kiganja kati ya jani na ukuta wa mbele. Ikanyamaza.

"Ni nani pale?" akauliza.

Kiganja hakukiondoa. Spika ikaimba tena, polepole, na safari hii mwanga ule asiouona uliligusa jani kutoka upande wa Marcellin mwenyewe, pale penye kifua chake.