Sauti Iliyozidi Darasani

Wanafunzi walipomaliza kuitikia, sauti moja iliendelea.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi katika chuo kimoja kidogo cha Bangkok, kinachowaandaa wageni wanaotaka kazi ya kufundisha Kiingereza. Cormac, kijana wa Ireland mwenye mabega mapana na aibu nyingi, alisimama mbele ya darasa akifanya zoezi lake. Mkewe Orla, mkurufunzi mwenzake, alikaa pembeni akisubiri zamu. Somo lilikuwa la kuagiza chakula mkahawani.

"Ningependa maji, tafadhali," alisema Cormac.

"Ningependa maji, tafadhali," darasa likarudia. Walikuwa watu wazima: wapishi wa hoteli, madereva wa teksi, mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Wakanyamaza. Ndipo kutoka nyuma, kwenye kiti kitupu karibu na dirisha, sauti nzito ya kiume ikarudia peke yake, taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

"Ta-fa-dha-li."

Wachache wakacheka. Cormac naye akacheka, akidhani anataniwa. "Vizuri sana, wewe wa nyuma!"

Mama wa vitambaa, jina lake Ratana, hakucheka. Alijipapasa shingo, akasogeza kiti chake mbele.

Orla alitazama kile kiti kitupu. Alijikataza kuwaza jambo lililomjia, lakini lilikwisha kumjia. Hiyo sauti waliialika wenyewe.

Jumamosi walikuwa wamekwenda Ayutthaya kutembelea mahekalu ya kale. Aliyewapeleka ni Wilai, mwenye nyumba walimopanga chumba, mjane aliyepika miaka mingi kwenye hoteli ya wageni na kujua Kiingereza chao. Kila mtu pale mtaani alimwita Shangazi, nao wakamwita hivyo hivyo. Ayutthaya ndiko alikozaliwa.

Cormac hakuwa na hamu ya kutazama chochote. Ijumaa mkufunzi wao alimwambia mbele ya wenzake kwamba anafundisha kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Aliendesha baiskeli yake nyuma yao kimya, jasho likimtiririka, uso umemwiva.

Ng'ambo ya mto, mbali na watalii, walifika kwenye gofu la hekalu dogo lisilo na hata kibao. Sanamu zilikaa kwa mstari kando ya ukuta wa matofali, zote bila vichwa. Mwisho wa mstari hapakuwa na sanamu, ila mizizi ya mtini iliyokumbatia shimo jeusi ukutani.

"Jeshi la Burma lilipouchoma mji huu, askari wetu wengi walikatwa vichwa humu," Shangazi Wilai alisema kwa sauti ya chini. "Salimuni, tazameni, tokeni. Msiongee sana." Akaenda nje kuwasha ubani.

Orla alimtazama mumewe alivyonyong'onyea, akamwonea huruma. "Fanya somo lako hapa," akamnong'oneza. "Hawa hawawezi kukucheka."

"Acha, Orla."

"Mara moja tu. Nataka nikuone ukitabasamu."

Basi akafanya. Mwanzo alijikwaakwaa, kisha akachangamka, akawa anatembea mbele ya zile sanamu na kunyoosha kidole. Ningependa maji, tafadhali. Ningependa wali, tafadhali. Orla alicheka hadi akashika mbavu. Cormac akafika kwenye mizizi, akainama kuchungulia shimoni.

"Na wewe uliyejificha huku nyuma, jina lako nani? Huna? Basi utaitwa Arthur. Arthur, Jumatatu usichelewe darasani."

Nyenje waliokuwa wakilia mitini wakanyamaza wote kwa pamoja. Upepo haukuwepo, lakini kutoka shimoni kulitoka harufu ya nywele zilizoungua.

Shangazi Wilai alikuwa amesimama mlangoni, ubani mkononi. "Mlikuwa mnaongea na nani?"

"Na wanafunzi wangu, Shangazi," Cormac alijibu, bado anacheka.

Mama yule akatangulia kutoka. Kwenye treni ya kurudi alikaa behewa lingine.

Wiki ile Cormac akawa mwalimu mwingine kabisa. Alisimama wima, alitoa sauti, wanafunzi hawakuweza kumwondolea macho. Mkufunzi akamsifu. Lakini ile sauti ya nyuma haikukaa nyuma. Siku ya kwanza ilifuata baada ya wanafunzi, ya pili ikaenda nao sambamba, na baadaye ikawa inawatangulia, ikisema sentensi kabla Cormac mwenyewe hajaitamka, naye akiirudia kana kwamba yeye ndiye anayefundishwa.

Ratana alifungasha vitu vyake katikati ya somo. "Mwalimu, mwambie yule wa nyuma aache kunipima shingo."

"Yupi?"

"Unamfundisha kila siku halafu unaniuliza mimi?" Akatoka mbio, viatu mkononi. Wengine walimfuata mmoja mmoja, bila kuaga.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Uani kwa Shangazi Wilai palikuwa na kijumba cha roho walinzi, juu ya nguzo, ambacho kila asubuhi alikiwekea shada la yasmini na soda nyekundu. Asubuhi moja alikikuta kimepasuliwa katikati, soda imemwagika hadi kizingiti cha chumba cha wageni wake. Aligonga mlango wao kwa ngumi.

"Mmeingia na mtu kwangu."

"Shangazi, hatujamleta mtu yeyote," Orla alisema.

"Usinifanye mtoto! Nalala nasikia mtu anajifunza kusoma chini ya kitanda changu." Akaonyesha kidole ile soda iliyomwagika. "Kuanzia leo chakula chenu nitawawekea mlangoni. Mezani kwangu msikae."

Cormac alijifunga shingo kwa skafu katika joto lile la kuchemsha ubongo. Orla alipoivuta kwa nguvu aliona mstari mwekundu umezunguka shingo nzima, mwembamba, sawasawa, kama alama ya fundi anapochora mahali pa kukata.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Ni joto tu." Akamsukuma mkono. Hakuwahi kumsukuma tangu waoane. "Wivu tu unakusumbua, kwa sababu sasa nafundisha kukupita."

Alasiri ya Ijumaa mvua ilinyesha kwa kishindo, taa zikazimika, Cormac akajilaza na kusinzia. Orla alikaa kitini akimtazama, akijiambia kwamba mvua ikikatika atamwamsha na watapanda ndege warudi kwao, hata bila cheti, na alikuwa bado anawaza hivyo harufu ya nywele zilizoungua ilipotambaa kutoka mvunguni mwa kitanda, ikapanda polepole, ikajaa chumba hadi macho yakamchoma, na midomo ya mumewe ikiwa imefumba, imefumba kabisa, akaiona ile shingo yenye mstari ikicheza kwa ndani, ikivimba na kunywea kama koo la chura, na sauti ikatoka humo kwa adabu ile ile ya darasani, neno baada ya neno, bila kukosea hata moja:

"Habari za mchana, mwalimu. Jina langu ni Arthur. Ningependa kichwa, tafadhali."

Orla alitoka nje kwenye mvua bila viatu. Shangazi Wilai alimkuta amepiga magoti uani kando ya kijumba kilichopasuka, hawezi kulia. Hasira ya siku zote zile ikamwishia yule mama. Akamfunika kwa kanga ya kuogea, akampandisha barazani.

"Kesho asubuhi tunarudi Ayutthaya," alisema. "Yuko mwanamke mmoja. Mdomo wake mchafu, lakini hawa anawajua."

Bunma alikuwa muuza tambi za supu sokoni, mwanamke mnene wa makamo, sigara nyuma ya sikio. Pepo walimjia tangu usichana, watu wakampelekea wagonjwa wao katikati ya bakuli za wateja. Alimtazama Cormac mara moja tu, aliyekuwa ameinamisha kichwa kana kwamba kimemwelemea, akatupa mwiko.

"Nani alimpa jina?"

Shangazi Wilai alitafsiri, kama alivyotafsiri kila neno siku ile. Orla akaeleza yote.

"Wazungu bwana!" Bunma alisema. "Kwetu mwalimu ni mzazi wa pili, mwanafunzi anampigia magoti maisha yake yote. Mtu amekaa kwenye shimo miaka chungu nzima bila hata wa kumwita. Mkampa jina, mkampa mwalimu, mkampa na siku ya kuja. Unadhani ataondoka kwa sababu umelia?"

"Utamtoa?"

"Nimeshamsemesha hapa ulipokuwa unajifuta kamasi. Ananikataa. Anasema yeye sasa ana mwalimu wake." Akavua aproni. "Aliyefundishwa na nyinyi, afukuzwe na nyinyi. Mumeo hana tena mdomo wake. Utasema wewe."

Walifika gofuni jua likiwa utosini. Bunma aliwasha mishumaa mbele ya mizizi, akamfunga Cormac viganja kwa uzi mweupe, akamkalisha akitazama shimo. Kisha akamsukuma Orla mbele.

"Fundisha!"

Orla alimgeukia mumewe. "Rudia baada yangu," alisema. "Mimi si Arthur."

Nyenje hawakulia. Kisha kooni mwa Cormac, "Mimi ni Arthur."

"Mimi si Arthur!"

"Ningependa maji, tafadhali. Ningependa wali, tafadhali. Ningependa mwalimu, tafadhali." Kichwa cha Cormac kilianza kugeuka begani, taratibu, kikipita mahali ambapo shingo ya mtu husimama, na mifupa ikalia.

"Usinyamaze!" Bunma alifoka. "Ukinyamaza anamaliza!"

Orla akapiga kelele, akarudia na kurudia, mimi si Arthur, sina mwalimu, sina darasa, na ile sauti ikimpinga, ikimtukana kwa maneno machache iliyonayo, ikiomba kichwa, ikiomba tafadhali, na ule mstari mwekundu ukaanza kutoa damu nyembamba iliyoshuka kwenye kola ya shati, na Bunma akiimba kwa nguvu nyuma yake, na Shangazi Wilai ameukumbatia mgongo wa Cormac kwa mikono yote miwili kama anayemzuia asitumbukie, mpaka Orla, sauti ikiwa imemkauka, akaacha kufoka, akanong'ona tu, kama anavyonong'onezewa mtoto mzito wa kuelewa:

"Mimi si Arthur. Sina mwalimu. Nakwenda."

Na sauti ikachoka. "Mimi si Arthur," ilisema. "Sina mwalimu." Ikasita muda mrefu. "Nakwenda."

Mishumaa yote ikazimika. Kitu kilipita kati ya mizizi kikielekea shimoni, kikiburura vumbi, na tofali moja likaanguka ndani, lisisikike likifika chini. Cormac aliangukia kifuani mwa Shangazi Wilai, akipumua. Nyenje wakaanza kulia.

Orla alimbusu uso mzima, akicheka na kulia. Bunma alisimama mbali, hacheki. Orla alipomshika mikono kumshukuru, akaivuta.

"Mmoja ametoka," alisema. "Nimemsikia akitoka. Ni yupi, sijui." Akawasha sigara yake, akaenda zake kwenye tambi bila kugeuka.

Cormac alipona haraka. Alama ya shingoni ilififia, akala, akalala vizuri. Ila hakuongea. Daktari alisema koo limejeruhiwa, avumilie. Shangazi Wilai aliwarudisha mezani kwake, akajenga kijumba kipya uani, na Orla kila siku alikaa na mumewe barazani akimsomea habari za kwao.

Asubuhi moja wakinywa chai, Cormac aliweka kikombe chini na kufumbua kinywa. Yakatoka maneno marefu, laini, yenye kupanda na kushuka. Kilikuwa Kitai, lugha ambayo hakuwahi kujifunza hata salamu yake. Shangazi Wilai aliacha kumenya embe.

"Anaongea!" Orla aliruka. "Shangazi, amesema nini?"

"Ni Kitai cha zamani sana. Cha kwenye michezo ya kuigiza." Mama yule hakumtazama. "Anamwulizia mke wake."

"Mwambie niko hapa!" Orla aliushika mkono wa mumewe. "Mwambie mke wake ni huyu hapa!"

Shangazi Wilai aliweka kisu chini, akafuta mikono.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "jina analoliita si lako."

Orla aligeuka. Cormac alikuwa akimtazama kwa upole kabisa, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia kiti cha mwenyewe, kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wa Orla, kidole kimoja kimoja.