Kiuno cha Suruali ya Kijivu

"Nani anakukondesha?"

Dereva ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu mlangoni. Aliinua uso, akamkuta mkewe amesimama kando ya cherehani, tepu ya kupimia shingoni, suruali ya kijivu mkononi. Mkewe alikuwa mshonaji, na mtaa mzima walimwita Fundi, hata yeye mumewe.

"Kukonda? Mimi?"

"Mdomo wako unaweza kunidanganya. Kiuno chako nakijua."

Basi maneno yakamtoka Fundi mfululizo. Kwamba mume anayeegesha teksi jioni kisha anatokomea, anarudi amelowa jasho na kukimbilia bafuni kabla ya salamu, si mume wa kuchekewa. Na ujumbe ameuona mchana, simu ilipokuwa inachaji. Akausema neno kwa neno: "Jana hukuja. Usinifanyie hivyo. Leo nakusubiri pale pale."

Dereva alikuwa bado yuko kwenye swali la kwanza.

"Sijakonda hata kidogo. Suruali zinanikaa vilevile. Ndiyo maana nimeamua kuacha."

"Kumwacha nani?"

"Kuacha kutembea."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema yote. Zahanati walimwambia sukari imepanda na moyo unafanya kazi ya punda. Kukaa kwenye usukani kutwa, mwaka nenda mwaka rudi, kumechangia kumletea uvimbe wa ndani kwa ndani, usioonekana kwa macho, unaochokoza mishipa polepole. Muuguzi wa pale ana kikundi cha wagonjwa anaowatembeza kila jioni kuzunguka uwanja. Akaenda. Magoti yakamlilia, akaenda tena. Na kila asubuhi akivaa suruali alipenyeza kidole kiunoni kuona kama imelegea. Wapi. Jana akakata tamaa, akabaki kwenye gari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba yako alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Nilikuona ulivyokuwa. Sikutaka uanze kuniangalia hivyo na mimi."

Hasira zilimwisha Fundi, ikabaki aibu. Aliigeuza suruali ndani nje, akamwonyesha mshono wa nyuma. Uzi ulikuwa mpya.

"Nimekuwa nikizibana," akasema.

"Unabana nini?"

"Suruali zako. Nikiona zinakupwaya, nazibana."

Dereva alimtazama mkewe, akatazama uzi, akamtazama tena.

"Yaani unashuku nina mwanamke, halafu unanishonea suruali za kumwendea?"

"Hata kama ungekuwa naye, usingekwenda na suruali inayopwaya. Mimi ni fundi. Watu wangenisema."

Kicheko kilimpanda Dereva, lakini mkewe hakuwa amemaliza. Sauti yake ikashuka. Akasema miaka yote hiyo, tumbo lilipokuwa linakua, alikuwa akizitanua vivyo hivyo, kidogo kidogo, ili asione. Siku moja abiria walimtania kwa suruali iliyombana, akarudi nyumbani amenuna, akasusa chakula. Tangu siku hiyo Fundi aliapa kwamba mumewe hataaibishwa na nguo.

"Nilidhani nakupenda," akasema. "Kumbe nakuficha ugonjwa."

"Ulikuwa unanipenda. Hilo nalo ulilishona vizuri."

Simu ya Dereva ikaita. Fundi akaiwahi, akaweka sauti ya juu.

"Wewe ndiye unayemsubiri mume wangu pale pale?"

Upande wa pili vikasikika vicheko vya watu wengi.

"Ni mimi, dada, pamoja na kikundi kizima. Yupo? Nina majibu yake ya damu."

"Sema tu, Muuguzi," Dereva akadakia. "Huyu ni mke wangu."

"Sukari imeshuka. Presha nayo imetulia. Usiache."

Fundi akauliza, je, kama asingekonda? Muuguzi akamjibu kwamba kupungua tumbo ni jambo jema, lakini hata lisingepungua, misuli ikifanya kazi inatumia sukari iliyo kwenye damu, uvimbe wa ndani nao unapoa, na moyo unapata nafuu. Asipimwe kwa suruali peke yake.

Dereva alimpa mkewe kifumulio.

"Fumua."

Alifumua. Dereva akaivaa, ikateremka hadi nyongani, akaidaka. Fundi akanyoosha tepu ampime waziwazi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Akaizungusha kwa nyuma, na mikono yake ikakutana mgongoni kwa mumewe. Ilikuwa haifiki huko kitambo. Hakusoma tepu. Alibaki hapo, shavu kifuani kwake, akisikiliza moyo.

"Nikubanie basi?" akauliza.

"Iache hivi hivi. Nataka niione."

Fundi akafunika cherehani, maana hata yeye kutwa alikuwa amekaa, akatafuta raba zake chini ya kitanda. Walitoka pamoja kuelekea uwanjani. Dereva aliishika suruali kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa umeshikwa.