Jiwe la Mara ya Tatu

Ndugu zangu wa Nakuru, hili nawaambia bila kuficha, maana aibu yake ni yetu sote.

Asubuhi moja mtaa wetu wa Section 58 ulikuwa shwari. Wamuyu, mtengenezaji wa filamu, alikuwa mezani na chai yake ya maziwa, akiunganisha filamu kuhusu watoto wanaoponda kokoto. Ilibaki wiki moja ionyeshwe kanisani, mtaani Free Area. Ghafla akasikia sauti ya mwanamke kwenye filamu: "Rudia, Chepchumba. Beba tena, jua halikukaa vizuri." Chai ikamshinda. Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Chepchumba ana miaka kumi na mmoja. Tangu mama yake afariki, alikuwa akiponda kokoto machimboni na baba yake, Kiplimo. Siku Wamuyu alipokwenda kumrekodi, alikuwa ameshabeba jiwe mara mbili mbele ya kamera. Mara ya tatu likamponyoka, likamvunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Jamani! Mtu ameenda kupiga vita kazi ya watoto, kisha anamwongezea mtoto kazi! Wamuyu alimkimbiza hospitali, akawaambia watu ni ajali tu.

"Si uitoe hiyo sauti," mwenzake wa kazi, Ndung'u, akamwambia. "Nani atajua?"

Akaitoa. Lakini akifungua mfereji, anaisikia: rudia. Akiinama kusali, rudia. Siku ya tatu alikuwa hali, halali. Akairudisha.

Kanisani, Kiplimo alikaa benchi la mbele na binti yake, mkono umefungwa bendeji. Sauti ilipotoka, mama mmoja akafoka, "Huyo ni nani asiye na huruma?"

Wamuyu akasimama. "Ni mimi, mathe."

Watu wakamgeukia Kiplimo, wakingoja hasira yake. Akainuka polepole, kofia mkononi.

"Madam, wewe ulimwambia arudie siku moja. Mimi nimemwambia miaka miwili, kila siku. Ni vile tu mimi hakuna aliyenirekodi." Akalia mbele ya watu wote, mwanamume mzima.

Jumatatu Chepchumba alirudi shule. Vile vidole havikunyooka tena, kwa hivyo anaandika kwa mkono wa kushoto. Wamuyu alipomtembelea, mtoto alimwonyesha daftari, jina lake limeandikwa kombokombo.

"Auntie, mwalimu amesema nirudie," akasema akicheka.

Wamuyu akageuza uso ukutani. Hajacheka na neno hilo hadi leo.

FUNZO

Dhiki ya mzazi si sababu, na nia njema si kibali. Uwe baba mwenye shida, uwe unajenga nyumba kwa kokoto hizo, au uwe umekuja na kamera kumtetea: ukimkuta mtoto amebeba mzigo, mtue kwanza. Maneno yatafuata.